Fahamu: Nyumba za Yazd zinavyopoa bila kiyoyozi
Joto la jangwani likipanda, wengi hukimbilia kiyoyozi. Mjini Yazd, katikati ya Iran, wajenzi walitafuta nafuu kwenye upepo karne nyingi kabla ya umeme.

Juu ya mapaa ya mji huo kumesimama minara iitwayo badgir, yaani "mshika upepo" kwa Kiajemi. Mnara una matundu marefu juu, na ndani umegawanywa kwa kuta nyembamba. Upepo ukiingia upande mmoja husukumwa chini hadi sebuleni. Hewa ya moto, ambayo ni nyepesi, hutokea upande wa pili. Hata upepo ukitulia, mnara hufanya kazi kama dohani. Baadhi ya nyumba huipitisha hewa inayoingia juu ya maji ya kanati, mfereji wa chini ya ardhi utokao milimani, nayo hupoa zaidi. Mnara wa bustani ya Dowlatabad, mjini humo, una urefu wa mita 33 hivi.

Kuta nazo ni nene, za matofali ya udongo yaliyokaushwa juani: hunyonya joto mchana, zikalitoa polepole usiku. Vichochoro ni vyembamba ili nyumba zitiliane kivuli. Aliyewahi kupita Mji Mkongwe wa Zanzibar ataielewa hila hiyo mara moja.

Si muujiza. Mnara huleta vumbi, na penye unyevunyevu mwingi maji hayapozi hewa sana. Hata hivyo Masdar, mji mpya wa Abu Dhabi, umejengewa mnara wa upepo wa mita 45, ila huo ni wa chuma.