Kadi ya Kijivu Iliyonirudishia Rangi Yangu

Mimi ni mweusi. Si maji ya kunde, si "mweusi wa kuvutia" kama wanavyosema watu wanaotaka kukupoza. Ni mweusi tii, kama marehemu baba yangu, na sijawahi kulilia hilo. Sasa fungua albamu ya harusi yangu ya mwaka 2008 uone kioja. Kanisani niko sawasawa. Tukiingia ukumbini nageuka chungwa. Kwenye meza ya keki nina ukijani kama mtu anayeumwa. Na zile picha kubwa, zile tulizolipia zaidi ili zitundikwe sebuleni, nimekuwa mweupe pee.

Mama mkwe alizitazama kimya, kisha akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, siku zile ulikuwa unatumia mkorogo?"

Basi bwana, nilicheka mbele yake, nikaenda chumbani nikalia. Mume wangu akanifuata, akasema, "Si picha tu hizo?" Nyie wanaume mnaosoma hapa, hilo neno msilijaribu.

Kwa miaka mingi nilimlaumu mpiga picha. Baadaye mume wangu alinunua kamera yake mwenyewe (kwanza kwa ajili ya mtoto, halafu ugonjwa ukamwingia) ndipo nikaelewa kilichotokea. Kila mwanga una rangi. Balbu ya kizamani ya waya hutoa umanjano, kama 2,800 kwa kipimo cha Kelvin. Jua la mchana ni kama 5,500. Kaa kivulini chini ya mwembe siku ya anga safi, kipimo kinapanda hadi 7,000 na zaidi, na mwanga unakuwa na ubluu. Taa ndefu za tyubu nyingi huleta ukijani. Wewe huoni hayo kwa sababu ubongo unasawazisha wenyewe, karatasi nyeupe inabaki nyeupe popote uendapo. Kamera haina ubongo. Inabahatisha.

Huko kusawazisha ndiko wenye kamera wanakoita waiti balansi. Ukiiachia kamera ifanye yenyewe, hutazama kilichojaa mbele yake na kukisia. Ukumbi wetu ulikuwa na vitambaa vya dhahabu ukuta mzima, balbu za manjano juu, tyubu mlangoni, na taa kali ya mtu wa video ikizunguka. Ingekisia nini? Halafu fundi wa kuchapa picha akaona uso wa chungwa, akapunguza umanjano, akaongeza mwangaza, na alipoona nimekuwa mweupe akadhani amenisaidia. Hapo ndipo panaponiuma. Taa ilikosea, lakini binadamu ndiye aliyeamua kuwa kosa lirekebishwe kwa kunichubua.

Na hilo halikuanzia Dar. Kuanzia katikati ya karne ya 20 Kodak iliwapelekea mafundi wa kusafisha picha kadi yenye picha ya mwanamke wa kizungu, wakamzoea kwa jina la Shirley. Fundi alirekebisha mashine mpaka ngozi ya Shirley itokee vizuri, na sisi wengine tulitokea tulivyotokea. Ilifika miaka ya 1990 ndipo ikatolewa kadi yenye wanawake watatu: mzungu, mweusi na wa Asia.

Kadi ya kijivu yenyewe haina mtu. Unaiweka pale uso ulipo, unaipiga picha, na ni kama unaiambia kamera: hiki hapa hakina rangi yoyote, pimia hapa. Kama kijivu kimesomeka na umanjano, basi umanjano ule ni wa taa, utolewe. Baada ya hapo ngozi ya mtu inabaki vile Mungu alivyoiumba.

Mdogo wangu alipochumbiwa, mume wangu akakabidhiwa na kamati kupiga picha za sendofu. Nikamwambia, mdogo wangu ni mweusi kuliko mimi, ole wako. Akaagiza kadi kwenye intaneti, seti ya vipande vitatu vya plastiki, cheupe, kijivu na cheusi, ukubwa wa kitambulisho, bei ya soda chache. Alifurahi kama mtoto.

Mimi kazini kwangu ni mhasibu, siamini kitu mpaka nikilinganishe. Nikamwomba rafiki yetu anayepiga picha kwa riziki atuazime ColorChecker yake. Hiyo ni ile kadi maarufu ya miraba 24, ipo tangu mwaka 1976, na raha yangu ni kwamba mraba wa kwanza kabisa juu kushoto ni rangi ya ngozi nyeusi; ngozi nyeupe inafuata. Safu ya chini ni ya kutoka weupe hadi weusi. Tukaziweka kadi mbili bega kwa bega kivulini nyuma ya nyumba, saa nne asubuhi, tukapiga picha moja kwa RAW, yaani faili ambalo kamera haijalipika. Kwenye kompyuta tukabofya mraba mmoja wa kijivu wa ColorChecker kuwa ndio kipimo. Nyekundu, kijani na bluu zikasoma sawa. Tukasogeza kishale kwenye kadi yetu: nyekundu imepanda, kijani imeshuka. Kumbe kijivu chetu kilikuwa na uzambarau wa kujificha! Ukikitumia kupimia, programu itauondoa uzambarau huo kwa kuongeza kijani kwenye picha nzima, nyuso zikiwemo.

"Ni tarakimu tatu nne tu," mume wangu akasema. "Nani ataona?"

Shosti, nilimtazama. Nikaenda nikaleta albamu, nikaifungua mezani, nikaondoka. Tulilala kila mtu ukutani kwake. Kesho yake jioni akarudi na kadi nyingine.

Sasa nikupe tulichojifunza, maana dukani watakuchanganya. Utasikia "asilimia 18" kama vile ni dawa. Namba hiyo inaeleza kadi inarudisha mwanga kiasi gani, na kazi yake ya asili ni kupima mwangaza ili picha isiungue wala kuwa giza. Kadi inaweza kuwa ya asilimia 18 kamili na bado ikawa na wekundu ndani yake. Kwa ajili ya rangi, uliza kama kijivu chake hakiegemei popote. Kijivu cha kuelekea weupe kinafaa zaidi, kwa sababu kwenye mwanga hafifu wa ukumbi kijivu cheusi hujaa chenga.

Uso wake uwe umefifia, using'ae, la sivyo unampimia mtu mng'ao wa taa. Tulichagua ya plastiki ambayo rangi imeingia ndani mpaka upande wa pili, kwa sababu ya karatasi ngumu iliyochapwa huchubuka kona, na jasho la Dar unalijua. Kuhusu ukubwa, kama utabofya baadaye kwenye kompyuta, kiganja kinatosha. Kama unataka kamera yenyewe ipime papo hapo, nyingi zinataka kijivu kijaze katikati ya picha, kwa hiyo chukua kubwa, hata ile ya kitambaa inayokunjwa.

Na tafadhali, usidanganyike kutumia karatasi nyeupe au gauni la bibi harusi. Karatasi na sabuni nyingi za kufulia zina dawa ya kung'arisha inayogeuza miale tusiyoiona kuwa mwanga wa bluu. Ndiyo maana shati jeupe huwaka disko. Ukipimia hapo, kamera inaondoa bluu na bibi harusi anageuka manjano.

Siku ya sendofu tulifika mapema. Kadi ilipimwa saluni, ikapimwa tena nje kwenye kivuli, ikapimwa tena ukumbini, kwa sababu kila mwanga una kipimo chake. Ukumbini mume wangu alimwomba mama mkwe aishike kidogo usoni, kwenye kiti kile kile atakachokalia bibi harusi. Mama akaigeuza mbele na nyuma. "Hii kadi mbona haina jina? Mchango wake shilingi ngapi?" Meza nzima ikacheka.

Haikuwa miujiza, nisikudanganye. Mtu wa muziki alipowasha taa za rangi, kadi haikufua dafu. Uso nusu ulikuwa pinki na nusu bluu, na hakuna kipimo kimoja kinachoponya miangaza miwili. Tukaziacha hivyo hivyo, ni disko. Zile za saa kumi na mbili jioni nje, jua likizama, mume wangu alizisawazisha kwa kadi zikatoka baridi kama za pasipoti. Nikamwambia arudishe dhahabu yake, jioni ilikuwa ya dhahabu kweli.

Lakini picha za mezani, mdogo wangu na mama yetu wakilishana keki! Mama ni maji ya kunde, mdogo wangu ni mweusi tii, na kila mmoja alikuwa yeye. Mama mkwe aliikaa nayo muda. "Huyu ndiye," akasema. Kisha akanitazama mimi, akaitazama ile picha yangu kubwa ukutani, hakusema neno. Wiki ile ile mume wangu aliishusha mwenyewe.

Alijaribu kuiokoa kwa kuiskani. Haikuwezekana, weupe umeunguza paji la uso, hakuna kilichobaki cha kurudisha. Tumetundika ya kanisani, ndogo, tuliyopigwa mlangoni kwenye mwanga wa jua.

Kadi nzuri inakaa droo ya chini, ndani ya bahasha, mbali na jua na mafuta ya mikono. Ile ya zambarau tulimpa mtoto. Ameichora macho na mdomo, anasema ni bibi.