Udereva Usiofundishwa Mjini

Kwa miaka mingi mwanafunzi wa udereva nchini Kenya ametahiniwa mbele ya ubao uliochorwa mji wa mfano, akisogeza kigari cha kuchezea na kutaja alama za barabarani. Si vibaya. Lakini mwalimu anayehamishiwa shule iliyo kati ya Wamba na Barsaloi, huko Samburu, hubebwa na dereva ambaye ubao huo haukumwonyesha kichaka hata kimoja.

Njia za nyika ile si za kutisha kupita kiasi. Gari linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne huzimudu, mradi aliyeshika usukani ajue alifanyalo. Kuna mawe, kuna miiba ya migunga itoboayo tairi, na kuna mikondo ya mito ya msimu, iitwayo laga, yenye mchanga mwingi. Hapo ndipo dereva hujulikana. Mwenye pupa hukanyaga mafuta akajitosa. Magurudumu huzunguka papo hapo yakijichimbia shimo, hadi ekseli ikalalia mchanga. Mjuzi husimama, akashuka na kuvuka kwa miguu kwanza, akipima ugumu wa mchanga na kutazama mahali pa kutokea ng'ambo. Kisha hupunguza upepo wa tairi ili zitandae, akatia gia za nguvu kabla ya kuingia wala si katikati, na kwenda kwa mwendo mmoja bila kukata kona ghafla. Akishavuka hujaza upepo tena, kwa kuwa tairi lililolegea likienda kasi hupata joto na kupasuka. Mteremkoni huiachia injini kazi ya kulizuia gari. Hata vidole gumba havikumbatii usukani, maana gurudumu likigonga jiwe, usukani huweza kugeuka kwa nguvu ukavivunja. (Matangazo ya magari hutuonyesha maji yakiruka juu ya boneti, sijaona hata moja linaloonyesha dereva akitembea.)

Lililo zito zaidi ni maji. Laga huweza kufurika wakati jua linawaka juu ya kichwa chako, kwa sababu mvua imenyesha mbali, kwenye milima ya Mathews. Na nguvu za injini si hoja mbele ya mafuriko. Mnamo Desemba 2021, katika Kaunti ya Kitui, basi lililowabeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini lilisombwa na mto Enziu, na watu zaidi ya 30 wakafa. Mto huo ulikuwa umefurika mbele ya macho ya wote.

Ndiyo maana nasema abiria naye ana neno. Mwalimu aliye na wanafunzi garini asione haya kumwambia dereva, "Simama, bwana, tushuke tutazame kwanza." Iwapo maji yanapita, wasivuke. Mara nyingi laga hupungua baada ya saa chache, na wenyeji, ambao hawana haraka ya mtu wa mjini, hukaa kivulini mwa mgunga wakangoja.