Kreatini, Ubongo na Barabara ya Garsen

Unga wa kreatini, ule wa mkebe wanaoutumia wanyanyua vyuma kujenga misuli, siku hizi unasifiwa kuwa unakinga ubongo pia. Garsen, mji wa Kenya kando ya Mto Tana, ambako mtu hapandi gari kwenda Minjila ilhali boda boda ipo, na anayeanguka huweza kugonga kichwa, sifa hiyo ichunguzwe kabla hujatoa pesa.

Kreatini tunayo tayari mwilini. Ini na figo huitengeneza, ubongo nao hujitengenezea yake. Nyingine tunaila: kilo moja ya nyama au samaki mbichi ina takriban gramu 4 hadi 5. Kambare wa Mto Tana anayo, nyama ya ng'ombe wa Waorma inayo. Maziwa yana kidogo mno.

Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini unakula karibu asilimia 20 ya nishati yake. Nishati hiyo hupita kwenye kemikali iitwayo ATP, na seli haiweki akiba kubwa ya ATP. Kreatini ndiyo mtungi wa maji uliowekwa mlangoni wakati mto uko mbali: ATP ikipungua, huijazia papo hapo. Kichwa kikigongwa, potasiamu humwagika nje ya seli za neva na kalsiamu huingia kwa wingi. Pampu za seli huhangaika kurudisha hali, zikimaliza ATP saa ileile mitambo ya kuizalisha imeyumba. Hapo ndipo watafiti walipopata tumaini.

Mwaka 2000, Patrick Sullivan na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kentucky waliwalisha panya kreatini kwa wiki 4, kisha wakawajeruhi ubongo. Madhara yalipungua kwa nusu hivi. Tazama vizuri: walilishwa kabla ya kugongwa. Mwaka 2006, Ugiriki, watoto 39 waliojeruhiwa kichwa walifuatiliwa. Waliopewa kreatini walipata nafuu zaidi, ila utafiti ulikuwa mdogo na haikufichwa nani anapewa nini. Kwa ugonjwa wa Parkinson, watu 1,741 walishiriki katika jaribio la gramu 10 kwa siku, likasitishwa mwaka 2013 kwa kukosa faida. Ugonjwa wa Huntington nao haukusalimu amri, hata kwa gramu 40 kwa siku.

Inakotibu bila ubishi ni kwa watoto wachache wanaozaliwa na kasoro ya kutengeneza kreatini, wanaochelewa kuzungumza na kupata kifafa. Hao hupewa kreatini, na wengi hupata nafuu.

Kwa hiyo mimi simshauri dereva wa boda boda anunue mkebe kwa ajili ya kichwa chake. Pesa hiyo inunue helmeti mbili, yake na ya abiria. Sheria ya Kenya inazitaka zote. Na zivaliwe, mkanda ukiwa umefungwa chini ya kidevu. Helmeti inayoning'inia kwenye usukani haimlindi mtu.

Aliyeanguka akitapika tena na tena, akisinzia isivyo kawaida, akichanganyikiwa au mboni moja ikiwa kubwa kuliko nyenzake, apelekwe hospitali mara moja, usiku au mchana. Anayetumia kreatini tayari amwambie daktari kabla ya kupimwa figo, kwa sababu unga huo unaweza kupandisha kreatinini, kipimo cha kazi ya figo, kwenye damu na figo nzima ikadhaniwa mbovu.