Juu ya Nini Chumvi na Sukari Pamoja?

Mwaka wa 1994 kolera iliua maelfu ya wakimbizi huko Goma. Juu ya nini inaua mbio hivi? Mutu wa kilo 60 ana maji karibu litri 36. Kolera kali inaweza kumutoa litri 1 kila saa. Kunywa maji matupu hakutoshi. Maji yanafuata chumvi, na chumvi inapita ukuta wa utumbo ikishikana na sukari. Njia ile haifungiki hata mutu akiharisha. Basi tutie katika litri 1 ya maji yaliyochemshwa vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, bila kurundika. Tusizidishe: chumvi nyingi ni hatari. Tumunyweshe kidogo kidogo, huku tukimupeleka hospitali.