Vyuma Hushika, Mwili Ndio Unaounga

Mgonjwa akishatoka chumba cha upasuaji baada ya kuungwa pingili za mgongo, ndugu huonyeshwa picha ya eksirei: skurubu nne, vyuma viwili vilivyozifunga, vyote vimenyooka. Wanashusha pumzi. Wanaona kazi imekwisha na kilichobaki ni kidonda kukauka. Lakini siku hiyo hakuna pingili hata moja iliyoungana na mwenzake. Daktari amezishikilia tu. Kuunga ni kazi ya mwili wa mgonjwa mwenyewe, na humchukua miezi sita hadi mwaka, mara nyingine zaidi.

Sisi tunaofanya tiba ya viungo tunakutana na wagonjwa katika miezi hiyo, na tunaona kuwa wanaoharibikiwa mara nyingi ni wale ambao hawakuambiwa jambo hilo, au waliambiwa siku wakiwa bado na kichefuchefu cha nusukaputi. Ni vizuri lijulikane mapema.

Nini kinafanyika

Uti wa mgongo una pingili 33. Tisa za chini kabisa, kwa mtu mzima, zimekwisha kushikana zenyewe. Zile 24 za juu zimetenganishwa na diski na kushikwa na viungo vidogo nyuma, ndiyo maana tunaweza kuinama na kugeuka. Upasuaji wa kuunga hufanya pingili mbili au zaidi kuwa mfupa mmoja. Mara nyingi ni kiunoni, kati ya pingili ya nne na ya tano, au kati ya ya tano na mfupa mpana ulio chini yake.

Daktari hukwangua uso wa mifupa mpaka itoe damu, kisha hupanga juu yake vipande vya mfupa. Vipande hivyo hutoka kwenye mfupa ulioondolewa ili kuipa nafasi mishipa ya fahamu, au humegwa kwenye nyonga ya mgonjwa, au huwa ni mfupa uliotolewa na mtu mwingine na kuhifadhiwa. Ndipo vyuma vinafungwa. Aliyewahi kujenga atanielewa: fundi akimwaga zege la ghorofa, mirunda ndiyo inayolibeba mpaka likomae, na hakuna anayepandisha matofali juu yake kesho yake. Skurubu ni mirunda. Zege lisipokomaa, mirunda yenyewe italegea au kukatika, kwa sababu hakuna chuma kilichotengenezwa kubeba mgongo peke yake miaka yote.

Upasuaji huu una umri wa zaidi ya karne moja. Mwaka 1911 madaktari wawili wa New York, Russell Hibbs na Fred Albee, kila mmoja alitangaza njia yake ya kuunga migongo iliyoliwa na kifua kikuu. Albee alitumia kipande cha mfupa wa muundi. Skurubu za leo hazikuwepo, hivyo wagonjwa walilazwa wiki nyingi wakisubiri mfupa ushike. Vyuma vya kisasa vimetuondolea kulala huko. Kusubiri kungalipo.

Nani anahitaji

Wanaonufaika zaidi ni wale ambao mgongo wao umepoteza uimara: pingili imevunjika kwenye ajali, imeteleza mbele ya mwenzake, imeliwa na uvimbe au kifua kikuu, au mgongo umepinda kiasi cha kuzidi kuharibika. Kifua kikuu cha mgongo bado kipo katika wodi zetu Afrika Mashariki. Wengi hupona kwa dawa, na upasuaji huhitajika pale mishipa ya fahamu inapobanwa au mgongo unapoporomoka.

Maumivu ya kiuno ya kawaida, yasiyo na chanzo kinachoonekana, si sababu nzuri ya kuungwa. Hata pale njia ya mishipa ya fahamu inapokuwa imebana, kuunga si lazima kila mara. Utafiti wa Sweden uliochapishwa mwaka 2016 ulifuatilia wagonjwa 247 wa aina hiyo. Kundi moja lilifunguliwa njia peke yake, jingine likafunguliwa na kuungwa. Baada ya miaka miwili hali zao hazikutofautiana. Kwa hiyo kabla ya kusaini fomu, muulize daktari wako: kwa nini niungwe, na kwa nini kufungua njia peke yake kusitoshe? Daktari mzuri hakasirishwi na swali hilo. Na kama una bima, uliza siku hiyohiyo kama inalipia vipandikizi, maana kuna bima zinazolipia upasuaji na kuacha vyuma kwa mgonjwa.

Kuandaa mwili

La kwanza ni tumbaku. Nikotini hubana mishipa midogo ya damu na kudhoofisha seli zinazojenga mfupa, na wavutaji wako katika hatari kubwa zaidi ya mfupa kutounga. Acha angalau wiki nne kabla, na usiirudie mpaka eksirei ionyeshe mfupa umeshika. Mzee mmoja aliniapia kuwa havuti kabisa, huku mkebe wa ugoro uko mfukoni. Ugoro, kuberi, shisha na tambuu yenye tumbaku vyote vina nikotini.

La pili ni sukari. Mwenye kisukari apimwe ule wastani wa miezi mitatu. Madaktari wengi hawapendi upite asilimia 8, kwa kuwa sukari ikiwa juu kidonda huoza na mfupa huchelewa. Mwenye upungufu wa damu atibiwe mapema, siyo kusubiri kuongezewa mezani. Ndugu wakiombwa kuchangia damu, wajitokeze wiki kadhaa kabla. Jino bovu, kidonda cha mguu na maambukizi ya mkojo vyote vitibiwe kwanza, maana vijidudu hupita kwenye damu na kujificha kwenye vyuma.

La tatu ni dawa. Taja kila unachomeza: aspirini, dawa za kuyeyusha damu, dawa za presha, dawa za kupunguza makali ya VVU, na mitishamba pia. Baadhi huongeza kutoka damu na lazima zisimamishwe, nyingine hazipaswi kuachwa hata siku moja. Usiamue mwenyewe ipi ni ipi.

Usiku wa kuamkia upasuaji utaambiwa usile. Kanuni ya kawaida ni saa sita bila chakula na saa mbili bila maji. Chai ya maziwa huhesabiwa kuwa chakula. Wapo walioahirishiwa upasuaji kwa sababu ya kikombe kimoja alfajiri.

Kuandaa nyumba

Hapa ndipo vitabu vya ng'ambo vinapotuacha. Vinazungumzia sofa na ngazi. Sisi tuna choo cha kuchuchumaa, jiko la mkaa lililo chini, na maji ya ndoo. Kwa miezi mitatu ya mwanzo mgonjwa hatakiwi kuinama, kuinua kitu kizito wala kujipinda kiuno. Nyumba yetu ya kawaida inamtaka afanye yote matatu kabla ya saa mbili asubuhi.

Anza na choo. Kiti cha plastiki imara, chenye miguu minne isiyoyumba, kikatwe tundu katikati na kuwekwa juu ya shimo. Kingo zisuguliwe kwa msasa zisichane ngozi. Fundi wa mtaani humaliza kwa nusu saa. Ukutani apigilie ubao au bomba la kushikia. Ndoo ya kuogea na kopo viwekwe juu ya stuli, usawa wa kiuno.

Kitanda kiwe na urefu wa kumwezesha mtu kukaa ukingoni miguu ikakanyaga sakafu yote. Mkeka chini haufai, na godoro lililobonyea katikati vilevile. Jiko lipandishwe juu ya meza ya matofali. Mbuzi ya kukunia nazi ipate mtu mwingine. Vyombo vya kila siku vishushwe kutoka rafu za juu na vipandishwe kutoka sakafuni.

Kisha kaeni kikao cha familia. Nani atachota maji? Madaktari wengi huweka kikomo cha kilo nne au tano: dumu la lita tano likijaa limekwisha kufika, sembuse ndoo ya lita 20. Nani atambeba mtoto? Wa mwaka mmoja ana kilo tisa au kumi. Mama anaweza kumpakata, ila apandishwe mapajani na mtu mwingine. Mwislamu ataswali akiwa amekaa kwenye kiti, na dini inamruhusu.

Anayetoka mkoani atafute ndugu wa kumpokea karibu na hospitali mpaka nyuzi zitolewe, siku 10 hadi 14. Kutoka hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, kwenda Mwanza ni zaidi ya kilomita elfu moja, na si safari ya mgongo wa siku tano. Siku ya kusafiri, gari lisimame kila baada ya saa moja hivi atembee kidogo. Bodaboda isitajwe.

Kuamka mara ya kwanza

Siku ya pili, mara nyingine siku ileile jioni, tunamwamsha mgonjwa. Wengi hushtuka, kwani wametoka nyumbani wakidhani watalala mwezi. Kulala muda mrefu huleta damu kuganda miguuni, nimonia na misuli kunywea.

"Mama, usinyanyue kichwa kwanza."

"Sasa nitaamkaje, mwanangu, bila kichwa?"

"Kitakuja chenyewe. Kunja magoti yote mawili. Haya, mabega na nyonga vigeuke pamoja, ulalie ubavu. Sasa shusha miguu nje ya kitanda, na mkono usukume godoro."

Akikosea hugeuza mabega nyonga ikabaki, na hapo ndipo kiuno kinapojipinda. Tunarudia mpaka amwelekeze mwanawe mwenyewe, kwa kuwa sisi hatutakuwepo saa nane usiku atakapotaka kwenda msalani. Kulala tena ni hatua zilezile kwa kurudi nyuma.

Wiki za mwanzo

Dawa kuu ni kutembea. Anza na dakika tano, mara kadhaa kwa siku, kwenye ardhi tambarare, kisha ongeza kidogo kidogo. Kukaa kusizidi nusu saa kwa mkupuo. Maumivu ya mguu mara nyingi hutangulia kuondoka. Ganzi huchelewa, kwa sababu mshipa wa fahamu hupona taratibu, kwa miezi.

Dawa kali za maumivu hufunga choo, na kukenya ukiwa na kidonda cha mgongo ni adhabu. Maji, papai na mboga za majani vianze mapema, na ikishindikana uliza dawa ya kulainisha. Diklofenaki na ibuprofeni zinazouzwa kila duka la dawa usizinunue bila ruhusa: zinaweza kuchelewesha mfupa kuunga, na madaktari wengi huzikataza katika miezi ya mwanzo.

Jambo moja zaidi, linalofanywa kwa mapenzi mema: kukandwa. Bibi atakuja na maji ya moto na mafuta. Mshukuruni, mpeni kiti, lakini mgongo huo usikandwe, usivutwe wala usinyooshwe na mtu yeyote.

Rudi hospitali bila kusubiri tarehe ya kliniki ukiona kidonda kinatoa usaha au maji, homa, mguu kuishiwa nguvu, ganzi kati ya mapaja, au kushindwa kuzuia au kutoa mkojo na choo. Maji meupe kidondoni pamoja na kichwa kuuma kila unapoketi ni dalili kwamba utando wa uti wa mgongo umetoboka. Pumzi ikikata ghafla, au mguu mmoja ukivimba na kuuma kwenye kigimbi, ni dharura.

Mwezi wa tatu

Watu wengi huogopa wiki mbili za mwanzo. Sisi tunaogopa mwezi wa tatu. Wakati huo kidonda kimepona, mguu hauumi, mgonjwa analala usiku, na majirani wanamwambia amependeza. Wa ofisini pengine alikwisha kurudi kazini tangu wiki ya sita. Maumivu, ambayo ndiyo yaliyokuwa yakimkataza, yameondoka. Mfupa bado ni laini. Ndipo seremala anapoinua mbao "mara moja tu," au mama ntilie anaporudi kwenye sufuria ya wali wa watu 40.

Kujisikia nafuu hakupimi mfupa. Kinachopima ni picha za kliniki, kwa kawaida karibu na wiki ya sita, kisha miezi mitatu, sita na kumi na mbili. Hospitali nyingine zina ratiba yake. Mazoezi ya kuimarisha misuli ya tumbo na mgongo huanza katika kipindi hicho kwa maelekezo ya mtaalamu, na kazi nzito hurudi hatua kwa hatua, kwa wengi kati ya mwezi wa tatu na wa sita, kadiri picha inavyoruhusu. Wagonjwa wengi huacha kliniki mara tu wanapopata nafuu, kwa sababu nauli ni ghali na wanajiona wazima. Nauli ya mwezi wa sita na ya mwezi wa kumi na mbili itengwe kwenye bajeti ileile ya upasuaji, kabla ya siku ya kulazwa.