Mkwasi Asiye na Ukwasi: Hukumu ya Ulaghai Dhidi ya Donald Trump na Mzigo wa Neno "Dhamana"

Makala haya yamechochewa na swali dogo lililoulizwa bwenini mwezi Machi mwaka 2024. Redio ilikuwa imetangaza kwamba mawakili wa Donald Trump, Rais wa zamani wa Marekani ambaye wakati huo alikuwa akikiwania kiti hicho tena, wameiarifu mahakama jijini New York kuwa mteja wao ameshindwa kupata dhamana. Mwenzetu mmoja, ambaye si mtu wa kupitwa na habari, akashangaa: "Ikiwa amekosa dhamana, mbona bado anahutubia mikutano? Si angekuwa rumande?" Tulicheka, lakini hakuna kati yetu aliyeweza kumjibu kwa Kiswahili kilichonyooka. Sisi ni wanafunzi wa lugha hii, na aibu ilikuwa yetu sote.

Swali lake halikuwa la kipuuzi. Miezi saba tu kabla ya hapo, Agosti 2023, bwana huyo huyo alikuwa amejisalimisha katika jela ya kaunti ya Fulton, jimboni Georgia, akapigwa picha, akaachiliwa kwa dhamana ya dola 200,000. Ile ilikuwa dhamana tunayoijua: mshtakiwa wa jinai huiweka ili awe huru akisubiri kesi. Dhamana ya New York ilikuwa kitu kingine kabisa. Haikuhusu mwili wake bali mali yake. Kiswahili kimeyabebesha mambo hayo mawili neno moja, na msomaji asiyeelezwa tofauti hupotea njia mapema.

Tuanze basi na aina ya kesi yenyewe. Mnamo Septemba 2022, Mwanasheria Mkuu wa jimbo la New York, Bi. Letitia James, alimshtaki Trump, wanawe wakubwa na kampuni yao. Mshtaki huyu si mteule wa gavana. Huko Mwanasheria Mkuu huchaguliwa na wapiga kura, na Bi. James, wa chama cha Democratic, alichaguliwa mwaka 2018 baada ya kampeni iliyomtaja Trump waziwazi. Upande wa utetezi haukuchoka kuikumbusha mahakama jambo hilo, na kwa kweli lina uzito wake. Hata hivyo kesi ilikuwa ya madai, si ya jinai. Hapakuwa na jela mbele yake, wala hapakuwa na baraza la wazee wa mahakama, kwani jaji aliamua peke yake. Katika kesi ya namna hii hatusemi kwamba mtu amepatikana na hatia; twasema amepatikana kuwajibika. Wapo watakaoniambia kuwa huku ni kupasua unywele. Lakini Mei 2024, jijini humo humo, Trump alipatikana na hatia ya makosa 34 ya jinai katika kesi tofauti ya kughushi kumbukumbu za biashara. Anayetumia neno "hatia" kwa kesi zote mbili ataziunganisha bila kukusudia.

Kuna mtego mwingine katika jina la mahakama. Kesi ilisikilizwa na Jaji Arthur Engoron katika mahakama ambayo, tukilifasiri jina lake neno kwa neno, tutaiita Mahakama ya Juu ya New York. Mkenya akisikia hivyo, hufikiria ile mahakama iliyoundwa na Katiba yetu ya 2010, ambayo baadhi ya magazeti huiita Mahakama ya Upeo, na huamini kuwa mambo yamekwisha. La hasha. Katika jimbo lile mahakama hiyo ndiyo ya kusikiliza kesi mwanzo. Juu yake kuna kitengo cha rufani, na kileleni kuna Mahakama ya Rufani. Mtanzania hatashangaa sana, maana kwao pia ni Mahakama ya Rufani inayokaa kileleni. Sisi wa upande huu wa mpaka ndio tutakaopotoka.

Sasa tuingie katika ulaghai wenyewe. Kwa miaka mingi Trump aliandaliwa taarifa za thamani ya mali yake, akazipeleka kwa mabenki na makampuni ya bima ili apate mikopo kwa masharti nafuu. Jaji aliona kuwa taarifa hizo zilikuwa zimefutuliwa. Mfano uliovuma zaidi ni makao yake ya ghorofa tatu ndani ya jengo la Trump Tower. Ukubwa wake halisi ni futi za mraba 10,996. Taarifa zilisema 30,000. Mtu anaweza kubishania bei ya nyumba hadi jua litue, kwa kuwa bei ni rai, lakini futi hupimwa kwa utepe. Hilo, kwa maoni yangu, ndilo lililoufanya utetezi ulegee kuliko jambo jingine lolote.

Utetezi haukukosa hoja nzito. Mabenki yalilipwa mikopo yote pamoja na riba, hakuna aliyelia kuwa amepoteza hata senti, na maofisa wa benki walitoa ushahidi kwamba hufanya uchunguzi wao wenyewe kabla ya kukopesha. Ulaghai usio na aliyelaghaiwa ni ulaghai wa aina gani? Kamusi zetu hazisaidii sana hapa. Tukisema "laghai", picha inayotujia ni ya mtu aliyedanganywa akanyang'anywa kitu. Sheria ya New York iliyotumika, ambayo asili yake ni ya mwaka 1956, haitazami hivyo. Humruhusu Mwanasheria Mkuu kumshtaki mtu anayefanya biashara kwa udanganyifu wa mara kwa mara, hata pasipo mhasiriwa wa kunyooshewa kidole. Kinacholindwa ni soko lenyewe. Kwa msingi huo, Septemba 2023, hata kabla ya mashahidi kuitwa, jaji aliamua kuwa udanganyifu umethibitika kwa nyaraka pekee. Kesi iliyoanza Oktoba 2 ilihusu madai yaliyosalia na kiasi cha fedha.

Hukumu ilitolewa Februari 16, 2024. Trump aliamriwa kulipa takribani dola milioni 355. Fungu la kwanza, dola milioni 168, lilikuwa riba aliyookoa kwa kukopa kwa bei ya chini asiyostahili. Milioni 126 zilitokana na faida ya kuuza haki za hoteli yake iliyokuwa katika jengo la Old Post Office mjini Washington, na milioni 60 zilitokana na kuuza kandarasi ya uwanja wa gofu huko Bronx. Wanawe wawili waliamriwa kulipa zaidi ya dola milioni 4 kila mmoja. Juu ya hayo iliongezwa riba ya asilimia 9 kwa mwaka, kiwango kilichowekwa na sheria ya jimbo, ikihesabiwa kuanzia miaka ya nyuma. Deni la Trump likafika milioni 454, yaani takribani shilingi bilioni 60 za Kenya kwa kiwango cha ubadilishaji cha mwishoni mwa Machi mwaka huo. Na halikulala. Asilimia 9 ya milioni 454, ukiigawa kwa siku 365, ni karibu dola 112,000 kila uchao.

Hapa ndipo "dhamana" inapoingia. Aliyeshindwa ana haki ya kukata rufani, lakini rufani peke yake haizuii mshindi kudai chake. Mtu anaweza kukata rufani leo na kesho akaona madalali mlangoni. Ili kuwazuia ni lazima aihakikishie mahakama kwamba akishindwa tena fedha zitapatikana. Sisi pia tunalo jambo hili: Kanuni za Utaratibu wa Kesi za Madai nchini Kenya, katika Agizo la 42, humtaka anayeomba kusimamishiwa utekelezaji wa hukumu atoe dhamana. Trump angeweza kuweka fedha zote taslimu, au kutafuta kampuni ya kumdhamini ambayo ingeahidi kulipa endapo yeye atashindwa. Kampuni hiyo hutoza ada, na hutaka rehani ya kujikinga.

Mawakili wake waliieleza mahakama Machi 18 kwamba wamebisha hodi kwa makampuni 30, na yote yamekataa kupokea majengo kuwa rehani. Yalitaka fedha au hisa zinazouzika kwa haraka, tena kwa asilimia 120 ya deni. Hiyo ni zaidi ya dola milioni 550. Mtu ambaye jarida la Forbes lilikadiria kuwa na utajiri wa zaidi ya dola bilioni 2 alikuwa anasema hawezi. Wengi waliona ni hadaa. Siku nne baadaye yeye mwenyewe aliandika hadharani kwamba anazo karibu milioni 500 taslimu, kauli ambayo haikuwasaidia mawakili wake hata kidogo.

Katika insha za shule za msingi tulifunzwa kumwita tajiri "mkwasi", na ukwasi ukawa ni utajiri tu, basi. Lakini katika Kiswahili cha mabenki, hasa cha Tanzania, neno "ukwasi" limepata maana mahsusi: wingi wa fedha zilizo tayari kutumika, au wepesi wa mali kugeuzwa fedha. Kwa maana ya kwanza Trump alikuwa mkwasi pasi na shaka. Kwa maana ya pili ukwasi wake haukutosha, kwa sababu jengo refu huwezi kulivunja tofali moja moja ukalipia deni. Kuliuza kwa pupa ni kuliuza kwa hasara, na rufani ikishinda halirudi. Nimeona hata wahadhiri wakiepuka neno hili kwa kuhofia utata. Mimi naona utata huo ni mali. Lugha yetu imeweka katika neno moja pengo lile lile lililokuwa linamnyima mtu usingizi.

Bi. James alikwisha kutangaza mwezi Februari kuwa atayakamata majengo iwapo fedha hazitapatikana, akataja hasa lile la 40 Wall Street. Siku ya mwisho ilikuwa Machi 25. Asubuhi ya siku hiyo majaji wa kitengo cha rufani walipunguza dhamana hadi dola milioni 175 na kumwongezea siku 10. Aprili mosi kampuni ya Knight Specialty, ya bilionea wa California Don Hankey, ikatoa dhamana hiyo. Mwanasheria Mkuu alitilia shaka uwezo wa kampuni hiyo, na baada ya mvutano pande mbili zikakubaliana namna ya kuzilinda fedha zilizowekwa rehani.

Rufani yenyewe iliamuliwa Agosti 21, 2025, Trump akiwa amekwisha kurejea Ikulu ya Marekani. Maamuzi ya majaji watano yalijaza kurasa 323 na hayakuafikiana. Wawili walisema kuwajibishwa kwake kulikuwa sahihi lakini kiasi cha fedha kilipita kadiri. Wawili wengine walitaka kesi isikilizwe upya, ingawa walikubali kuunga mkono amri ya mwisho ili jambo liweze kusonga mbele. Mmoja alitaka kesi itupwe kabisa. Matokeo yake ni kwamba jina la ulaghai lilibaki, na masharti ya kumzuia kwa muda kuongoza makampuni jimboni yalibaki pia, lakini fedha zote, ambazo pamoja na riba zilikuwa zimepita nusu bilioni, zilifutwa. Bi. James alitangaza kwamba atakwenda Mahakama ya Rufani.

Nimeliacha hadi hapa jambo linalotuhusu zaidi sisi wa idara ya lugha. Kitu gani hasa kilifutwa? Jaji Engoron hakutoza faini. Kwa mtazamo wake alimwamuru mtu arudishe faida aliyoipata kwa njia isiyo halali, na kurudisha kisicho chako si adhabu. Majaji wawili wa rufani waliotoa rai iliyozaa matokeo waliona kuwa, kwa kimo chake, malipo hayo kwa serikali yalikuwa faini kwa sura nyingine, na Marekebisho ya Nane ya Katiba ya Marekani yanakataza faini iliyopita kiasi. Dola nusu bilioni ziliponyoka katika mwanya baina ya istilahi mbili. Katika taarifa za Kiswahili nilizozisikia tangu mwanzo, watangazaji walisema "faini" bila kusita, kana kwamba swali hilo lilikwisha kujibiwa. Wengine walisema "fidia", ambayo haiwezekani, kwa kuwa fidia humwendea aliyeumia, na hoja nzima ya utetezi ilikuwa kwamba hapakuwa na aliyeumia.

Napendekeza tuseme "marejesho ya faida haramu" kwa kile alichoamuru Engoron, na "faini" tuiache kwa wale wanaodai kuwa ndivyo kilivyokuwa. Kwa dhamana, "dhamana ya mshtakiwa" na "dhamana ya hukumu" zingetosha, na "rehani" ibaki kwa kile ambacho mdhamini hukishika mkononi. Mwenzetu wa bwenini amezisoma istilahi hizi na anaipinga ya pili, kwa hoja kwamba hukumu haidhaminiwi, kinachodhaminiwa ni deni. Huenda ana haki. Yeye angependa iwe "dhamana ya deni la hukumu", nami naona ni ndefu mno kwa mtangazaji mwenye sekunde 30.