Uchunguzi Kifani: Almonte na Ardhioevu ya Doñana, Hispania

Ukiulizwa kuhusu changamoto za kuhifadhi urithi wa asili, mfano wa Almonte utakufaa. Unaonesha kwamba mipaka ya hifadhi hulinda ardhi ya juu, lakini maji yaliyo chini ya ardhi hayafuati mipaka hiyo.

Mahali ilipo
Almonte ni manispaa ya vijijini katika jimbo la Huelva, kusini-magharibi mwa Hispania, kwenye pwani ya Bahari ya Atlantiki. Usidhani ni jiji: nchini Hispania, manispaa huweza kuwa na mji mdogo, vijiji, mashamba na misitu. Sehemu kubwa ya Hifadhi ya Taifa ya Doñana, iliyoanzishwa mwaka 1969, imo ndani yake. UNESCO iliitangaza kuwa Urithi wa Dunia mwaka 1994.

Urithi wake wa asili
(a) Matuta ya mchanga yanayohama. Upepo wa baharini huyasukuma kuelekea bara, yakafunika misonobari.
(b) Kinamasi. Hujaa maji ya mvua majira ya baridi na kukauka kiangazi. Ndege wanaohama kati ya Ulaya na Afrika hupumzika na kula hapo.
(c) Linksi wa Iberia. Huyu ni paka-mwitu anayetegemea sungura kwa chakula. Mwaka 2002 walikuwa wamebaki chini ya 100 nchini Hispania; kwa kuzalishwa na kurudishwa porini, mwaka 2023 walizidi 2,000 Hispania na Ureno.

Tatizo: maji
Chini ya eneo hili kuna tabaka la mchanga linalohifadhi maji ya mvua na kulisha mabwawa. Tabaka hilohilo huchimbwa visima, vingine bila kibali, kumwagilia stroberi. Mji wa kitalii wa Matalascañas nao huvuta maji humo. Maji yakivutwa kuliko yanavyorejeshwa na mvua, kina chake hushuka na mabwawa hukauka. Bwawa la Santa Olalla, lililo kubwa kuliko mengine ya kudumu, lilikauka kiangazi cha 2022 na tena 2023. Ukame ulichangia, lakini si peke yake. Mwaka 2021 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba Hispania haikuchukua hatua za kutosha kuzuia madhara ya uvutaji wa maji hayo.

Kwa nini suluhisho ni gumu?
Stroberi huwapa kipato wakulima na vibarua wengi, wakiwamo wanawake wanaotoka Moroko kila msimu. Kufunga visima bila kuwapa njia nyingine ni kuwanyima riziki. Kuviacha ni kupoteza kinamasi, na watalii pamoja nacho.

Zingatia: Usijibu "ukame" pekee. Taja sababu ya asili, sababu ya kibinadamu, kisha uoneshe zinavyoungana.

Jipime: Eleza jinsi kisima kilichochimbwa nje ya hifadhi kinavyoweza kukausha bwawa lililo ndani yake. (Alama 5)